Kuiunda picha ya galaksi ya M51 kutoka ghala la Hubble

Ukifungua faili lako la kwanza la darubini ya Hubble, utakutana na kiza kitupu chenye vitone vichache vyeupe. Wengi hudhani limeharibika wakati wa kushushwa, wakalifuta. Usilifute. Galaksi imo humo, ila mwanga wake haujavutwa, yaani haujainuliwa hadi uonekane. Kazi kubwa ya picha hizi ni huo uvutaji. Rangi huja baadaye, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Data ni za bure. Zimo MAST, ghala linaloendeshwa na taasisi ya STScI mjini Baltimore, Marekani. Mwanasayansi aliyepewa muda wa darubini mara nyingi huachiwa miezi kadhaa ya kuzitumia peke yake, kisha mlango hufunguliwa kwa kila mtu.

Anza na M51, galaksi yenye mikono iliyojisokota, iliyopigwa Januari 2005 kwa kamera ya ACS. Wataalamu wameshaviunga vipande vyake vya anga, wakatoa faili moja zima kwa kila kichujio, na mafaili hayo yanalingana pikseli kwa pikseli. Kila moja lina mamia ya megabaiti, kwa hiyo usiliunguze bando la simu, tafuta Wi-Fi. Siku ukihamia galaksi nyingine ya kamera hiyohiyo, chukua mafaili yanayoishia na drc. Yale ya flc hayajaunganishwa bado: yana ufa kati ya vipande viwili vya kihisio, na michirizi ya miale ya kosmiki ambayo mgeni huiita nyota.

Kwa M51, chukua mafaili ya vichujio F435W, F555W na F814W. Namba hizo ni urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita. Wimbi fupi lipe buluu, la kati kijani, refu nyekundu. Angalia lakini: kwa darubini ya James Webb hesabu ni nyingine. F444W yake ni mikromita 4.44, mbali kabisa na buluu.

Sasa uvutaji. Pakua FITS Liberator, programu ya bure, ufungue faili moja. Utaona grafu ya mwanga yenye kilima kimoja kirefu upande wa kushoto: hicho ni anga tupu pamoja na sehemu hafifu za galaksi. Alama ya weusi iweke kushoto kidogo mwa mguu wa kilima, usiichomeke ndani yake. Ukiichomeka, anga litakuwa jeusi kama lami na utakuwa umeikata mikono ya nje ya galaksi bila kujua. Kisha chagua kanuni ya ArcSinh. Hii huinua sana mwanga hafifu, na mwanga mkali kidogo tu, nawe unahitaji hivyo, maana kitovu cha M51 kinang'aa kupita mikono yake kwa mbali. Vuta polepole hadi uone daraja la vumbi linaloelekea kwa jirani yake mdogo, NGC 5195. Kitovu kikigeuka sahani nyeupe isiyo na chochote ndani, umepitiliza; rudi nyuma. Hapa usiwe na haraka. Mimi hutumia jioni nzima.

Hifadhi kama TIFF ya biti 16. JPEG itakupasulia vivuli. Rudia kwa mafaili mawili yaliyobaki kwa kanuni ileile, na usikate kingo za faili moja peke yake, la sivyo nyota hazitakaa juu ya nyota.

Fungua yote matatu katika GIMP, uyaunganishe kwa amri ya Compose. Kitovu kikiwa cha manjano, kwa nyota zake kongwe, na mikono ikiwa ya buluu, kwa nyota changa, umepatia. Picha ikielemea kijani, punguza kijani kwenye Curves. Ukitaka vile vifundo vya waridi mahali nyota zinapozaliwa, ongeza F658N, kichujio cha hidrojeni, juu ya nyekundu, kwa kiasi. Hamu ya kukoleza rangi itakujia, ikatae. Picha nyingi za wanaoanza huharibikia hapo.

Ukiionyesha kwa watu, andika chini yake kwamba data ni za NASA, ESA na STScI, uchakataji ni wako, na kila rangi imetoka kichujio gani.