Fundisho kwa Vikundi vya Muziki: Kundi la Ngoma la Wavulana Peke Yao, Ni Paa au Ni Ukuta?

Masomo ya kusoma kwanza: Kutoka 15:20, Zaburi 68:25.

Kusudi la fundisho: Kusaidia viongozi wa fanfari na wa vikundi vya ngoma wapime kwa haki shauri la kuweka kundi la wavulana peke yao au la wasichana peke yao.



Mara nyingi, kundi la muziki linapoanzishwa, ulizo la kwanza halihusu vyombo wala mafundi. Watu wanauliza: nani ataingia? Wengine wanasema wavulana tu, kwa kuwa ngoma ni nzito na safari ni ndefu. Wengine wanajibu kwamba msichana naye ana mikono na pumzi. Mabishano yanakuwa makali, na mara nyingine kundi linapasuka mbele ya kupiga wimbo wa kwanza. Leo hatutatafuta jibu kwa kupaza sauti. Tutaangalia watu waliokutana na shauri hilo mbele yetu, tuone waliyopata na waliyopoteza.

1. Makundi ya ngoma na tarumbeta ya Marekani

Kule Marekani kuna makundi ya vijana yanayoshindana kwa ngoma, tarumbeta na bendera. Hayana zumari wala filimbi. Kundi kubwa lina vijana karibu 150. Wanatembea juu ya uwanja wa mpira kwa mistari na maduara huku wakipiga, na waamuzi wanawapa alama. Kijana anaingia kwa mtihani, na akifika miaka 22 lazima atoke. Wakati wa joto wanasafiri kwa basi kutoka mji hata mji, wanalala chini ndani ya kumbi za michezo za mashule, na kila siku wanafanya mazoezi kutoka asubuhi hata usiku.

Makundi hayo yalizaliwa kisha vita vya kwanza vya dunia. Askari waliorudi, maparokia na maskauti waliyaanzisha ili vijana wasizurure. Kwa mfano, kundi la Cadets lilianzishwa mwaka 1934 katika parokia moja ya Kikatoliki mjini Garfield, jimbo la New Jersey. Madison Scouts lilianzishwa mwaka 1938 na maskauti wa mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Cavaliers lilianzishwa mwaka 1948 na maskauti wa Chicago. Mwaka 1971 makundi makubwa yaliunda chama chao wenyewe, Drum Corps International, na mashindano yake makuu ya kwanza yalifanyika mwaka 1972 mjini Whitewater, Wisconsin.

2. Kwa sababu gani wavulana peke yao?

Sababu ya kwanza ilikuwa mzizi. Kundi lililozaliwa ndani ya maskauti wa kiume lilikuwa la wavulana tangu siku ya kwanza, bila mtu kukaa na kuamua hivyo.

Lakini tusidharau sababu nyingine ambazo wenyewe walizitoa. Walisema kijana wa miaka 17 anajifunza undugu vizuri akiwa kati ya ndugu zake, asipotafuta kujionyesha mbele ya wasichana. Walisema pia jambo ambalo wengi hawalifikiri. Katika makundi yaliyochanganyika, kazi ya bendera na kucheza mara nyingi iliachwa kwa wasichana, na mvulana aliyeipenda alichekwa. Katika Cavaliers na Madison Scouts, wavulana wenyewe walibeba bendera, wakacheza na kuruka, na hakuna aliyesema ni kazi ya wanawake. Kwa hiyo kundi la wavulana peke yao liliwapa wavulana uhuru ambao hawakuupata mahali pengine. Tena matunda yalionekana. Madison Scouts walishinda mashindano makuu mwaka 1975 na mwaka 1988. Cavaliers walishinda mara saba kati ya mwaka 1992 na 2006, wote wakiwa wavulana.

Basi mtu akisema kundi la namna hiyo ni chuki tu, hajasema kweli. Lakini tuendelee, maana hadithi ina upande wa pili.

3. Nyumba mbili zilivyobaki moja

Zamani wasichana nao walikuwa na makundi yao. Kulikuwa na Bon Bons wa Audubon, New Jersey. Kulikuwa na wasichana wa St. Ignatius wa Hicksville, jimbo la New York. Walibeba ngoma zile zile, walipuliza tarumbeta zile zile, na walikuwa na mashindano yao. Katika wakati huo mtu aliweza kusema: wavulana wana nyumba yao, wasichana wana yao, nani anaonewa?

Kiisha miaka ya 1970 ikaleta mageuzi. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilitoa sheria inayokataza shule zinazopokea fedha za serikali kubagua mtu kwa sababu ni mwanamke au mwanamume. Bendi za vyuo vikuu zilizokuwa za wanaume zikafunguka: ya Michigan mwaka 1972, ya Ohio State mwaka 1973. Makundi ya ngoma si mashule, kwa hiyo sheria hiyo haikuyalazimisha. Lakini wasichana walikuwa wanajifunza tarumbeta shuleni kwa wingi, gharama za safari zilikuwa zinapanda, na makundi mengi ya wavulana yalihitaji watu. Mengi yakafungua mlango.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa kuwa ndipo fundisho lilipo. Milango hiyo ilipofunguka, wasichana wenye uwezo waliingia katika makundi makubwa yaliyochanganyika. Makundi ya wasichana peke yao yakakosa watu na fedha, na moja kisha lingine yakafa. Lakini makundi machache ya wavulana, yale yenye jina na nguvu, yalibaki namna yalivyokuwa. Kwa hiyo usawa wa zamani ulipotea bila mtu kuuvunja kwa kusudi. Mwanzoni zilikuwa nyumba mbili, kila mmoja na yake. Mwishoni ilibaki ya wavulana, na ya wasichana haikuwapo tena. Kanuni ya kundi haikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni dunia iliyolizunguka. Lile lililokuwa paa juu ya wavulana likawa ukuta mbele ya wasichana.

Mtu aweza kujibu: msichana anaweza kwenda katika kundi lililochanganyika, na yako mengi. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito. Lakini msichana wa Madison aliyekulia karibu na kundi hilo, akiwaona kaka zake wakiondoka kila mwaka ndani ya basi, alipaswa kutafuta kundi la mji mwingine. Hakukataliwa kwa kukosa uwezo, maana hakupewa hata nafasi ya kupimwa.

4. Madison mwaka 2019

Mwaka 2019, kisha miaka 81, Madison Scouts walitangaza kwamba watapokea vijana wote, wavulana na wasichana, kuanzia msimu wa 2020. Maskauti wenyewe wa Marekani walikuwa wamekwisha kuanza kupokea wasichana katika matawi yao, ya watoto mwaka 2018 na ya vijana mwaka 2019. Msimu wa 2020 ulifutwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, lakini uamuzi ulibaki.

Wazee waliotoka katika kundi hilo waligawanyika. Wengine walifurahi kwamba binti zao nao watavaa nguo ile. Wengine walilia, wakisema undugu wao umeuzwa. Tusiwacheke wale waliolia. Mtu akifunga mlango aliopitia akiwa kijana, au akiufungua kwa wengine, anagusa ukumbusho wa watu. Kiongozi mwenye hekima anaeleza, anasikiliza, kiisha anaamua.

5. Karibu na mipaka yetu

Msiseme haya ni mambo ya mbali. Angalieni majirani zetu wa mashariki, ambao ngoma kwao ni heshima ya taifa, hata kama hawaipigi kwa mashindano ya alama.

Burundi ina ngoma ya kifalme. Wapigaji wanasimama kwa nusu duara, ngoma moja katikati, wanapiga, wanacheza na kuimba. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa watu wote. Kwa desturi ni kazi ya wanaume, lakini katika miaka ya karibuni wanawake nao walikuwa wamekwisha kuanza kuipiga. Mwezi wa Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia sahihi amri iliyowakataza wanawake kupiga ngoma hiyo. Wao waliachiwa michezo ya kucheza ya kike. Hapo ukuta haukukua polepole kama Marekani. Ulijengwa kwa siku moja, kwa kalamu, mbele ya watu waliokuwa tayari ndani.

Rwanda nayo ilikuwa na desturi ya namna hiyo: ngoma ya mwanamume. Lakini mwaka 2004, mjini Butare, unaoitwa sasa Huye, Odile Gakire Katese alianzisha kundi linaloitwa Ingoma Nshya, maana yake ngoma mpya. Ni kundi la wanawake peke yao. Ndani yake walikutana wajane na mayatima wa mauaji ya mwaka 1994, pamoja na wanawake ambao waume zao walifungwa kwa mauaji hayo hayo. Walijifunza kupiga pamoja, mkono wa huyu ukingoja mkono wa yule.

Je, kundi hilo nalo halibagui? Halipokei wanaume! Lakini pima: wanaume wa Rwanda walikuwa na ngoma tangu zamani za wafalme, wanawake hawakuwa nayo. Kundi hilo halikumnyang'anya mtu kitu. Liliwapa paa wale waliokaa kwenye mvua. Ndiyo maana hatuwezi kusema kila kundi la wanawake peke yao au la wanaume peke yao ni baya, wala kwamba kila moja ni jema.

Hata Maandiko yanaonyesha njia zote mbili. Katika Kutoka, Miriamu anaongoza wanawake kwa matari, wakiwa kundi lao. Katika Zaburi ya 68, wasichana wenye matari wako ndani ya maandamano ya wote, pamoja na waimbaji na wapigaji. Katika mahali pote pawili ngoma ilikuwa mikononi mwa wanawake, na hawakuwekwa pembeni kutazama.

6. Vipimo vitatu

Basi kamati inayotaka kundi la jinsia moja ijiulize mambo matatu.

Kwanza, tunamlinda nani? Kama sababu ni kulea vijana katika heshima, au kuwapa nafasi wale wanaochekwa mahali pengine, isemwe wazi. Kama sababu ni kwamba imekuwa hivyo sikuzote, hiyo ni desturi, na desturi inapaswa kupimwa.

Pili, yule anayebaki nje ana mahali? Msiseme tu "wana kundi lao." Nendeni mkaone. Kundi hilo lina ngoma? Lina mwalimu? Linapewa fedha za safari? Linaitwa siku ya sikukuu, au linaambiwa kungoja? Kundi lisilo na ngoma wala mwalimu ni jina tu.

Tatu, dunia imebadilika? Mipango iliyokuwa ya haki miaka 30 iliyopita inaweza kuwa si ya haki leo, bila mtu kuwa amefanya kosa. Kwa hiyo kanuni za kundi zisomwe upya kila miaka michache, mbele ya wababa, wamama na vijana.

Kuhusu ulinzi wa vijana katika safari, makundi yaliyochanganyika ya Marekani yamesafiri kwa zaidi ya miaka 50. Wanachotumia ni kanuni na usimamizi: mahali pa kulala mbalimbali, watu wazima wa kusimamia, saa za kulala zinazojulikana. Mahali ambapo usimamizi ni dhaifu, kufukuza wasichana hakuleti usalama, kwa kuwa hata mvulana anaweza kuumizwa na mkubwa asiyesimamiwa. Imarisheni usimamizi kwanza, halafu ndipo mjadili nani aingie.

Na juu ya uzito wa ngoma: mpimeni kila mmoja kwa kazi. Mvulana asiyeweza kuibeba asiibebe. Msichana anayeweza apewe.

Maulizo ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika paroisi yetu, nani anapiga ngoma, nani anapuliza tarumbeta, na nani anaimba tu? Iliamuliwa na nani, na lini?

2. Makundi ya wasichana ya Marekani yalikufa bila mtu kuyafunga kwa amri. Je, kwetu kuna kundi linalokufa namna hiyo, kwa kukosa vyombo au mwalimu?

3. Kuna tofauti gani kati ya amri ya Burundi ya mwaka 2017 na uamuzi wa wanawake wa Ingoma Nshya wa kukaa peke yao?

4. Kama mkiamua kufungua mlango, wazee wa kundi watasikilizwa namna gani? Kama mkiamua kuuacha umefungwa, wale wa nje watapewa nini, na tarehe gani?

Kila kikundi kiandike majibu ya ulizo la nne na kuyapeleka kwa kamati. Ahadi isiyo na tarehe inasahauliwa upesi.