Ukitaka Kubadili Vidonge vya Majira

Kabla hujaenda duka la dawa kuomba vidonge vingine, geuza pakti uliyo nayo usome maandishi ya nyuma. Wanawake wengi hubadili boksi wakidhani wamebadili dawa. Microgynon, kwa mfano, ina levonorgestreli mikrogramu 150 na ethinilestradioli mikrogramu 30, na zipo pakti nyingine zenye majina tofauti lakini ndani ni vichocheo hivyohivyo, kwa kipimo kilekile. Kama kinachokusumbua ni dawa yenyewe, jina jipya halitakusaidia. Beba pakti umwonyeshe mhudumu. Na siku duka likiishiwa vidonge vyako, maandishi hayohayo yatakuonyesha ni pakti ipi unaweza kuendelea nayo bila kubadili chochote.

Jiulize pia umevitumia kwa muda gani. Kichefuchefu, matiti kuuma, kichwa kuuma kidogo na matone ya damu kabla ya siku zako huwapata wengi mwanzoni, na mara nyingi hutulia ndani ya miezi 3. Simaanishi uvumilie tu. Kichefuchefu hupungua ukimeza kidonge usiku baada ya chakula. Matone mara nyingi huletwa na kuruka au kuchelewesha vidonge, kwa hiyo weka alama kwenye kalenda: saa uliyomeza, siku uliyosahau, siku ulizoona damu. Mhudumu akiiona kalenda hiyo ataelewa zaidi kuliko ukimwambia "vinanisumbua". Miezi 3 ikipita na hali ni ileile, una sababu ya kutosha kubadilishiwa, wala huhitaji kuomba radhi. Huzuni nzito usiyoizoea haisubiri hata hiyo miezi 3. Nenda ukaonwe.

Katika kubadili, hatari kubwa iko kwenye siku zinazobaki wazi kati ya pakti mbili. Kuna ushauri unaozunguka mitaani kwamba mwanamke apumzishe mwili mwezi mmoja au miwili kabla ya kuanza dawa nyingine. Mwili hauhitaji mapumziko hayo. Vidonge havirundikani tumboni, na uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, pengine mwezi huohuo ulioacha. Mimba nyingi zisizotarajiwa huingia kwenye "mapumziko" ya namna hii.

Pakti ya vidonge 28 vyenye vichocheo viwili kwa kawaida ina 21 vya dawa na 7 visivyo na kichocheo, ambavyo mara nyingi ni vya madini ya chuma na vina rangi ya kahawia. Ukihamia vidonge vingine vya vichocheo viwili, maliza vile 21, acha vile 7, na kesho yake anza kidonge cha kwanza cha dawa kwenye pakti mpya. Kama hukuwa ukiruka, kinga haikatiki. Huenda usione hedhi mwezi huo, na hilo lisikutishe.

Ukihamia vidonge vya kichocheo kimoja, kama Microlut, anza vilevile kesho yake. Hapa hakuna vidonge vya mapumziko: vyote 35 ni dawa, na pakti ikiisha unafungua nyingine siku inayofuata. Saa ina uzito mkubwa. Ukichelewa zaidi ya saa 3, meza mara unapokumbuka, kisha tumia kondomu kwa siku 2. Ukitoka kwenye kichocheo kimoja kwenda viwili, anza bila kuacha siku, na kwa usalama tumia kondomu siku 7 za mwanzo. Anayetoka kwenye sindano aanze siku ambayo angechomwa tena, asingoje hedhi irudi. Na ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kidonge kingine.

Tafadhali usiazime pakti ya jirani, hata kama yeye vimempenda. Vichocheo viwili havimfai mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, mwenye presha ya 140/90 au zaidi, mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, aliyewahi kuganda damu mguuni au kifuani, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mimweko machoni. Dai upimwe presha kabla hujapewa. Taja pia dawa zako nyingine: rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, na baadhi ya ARV hupunguza nguvu ya vidonge. Amoksilini haina shida hiyo.

Yapo maumivu ambayo si ya kuandika kwenye kalenda. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukatika, kichwa kuuma vikali ghafla, macho kufifia, upande mmoja wa mwili kulegea, tumbo kuuma sana au macho kuwa ya manjano: acha vidonge na nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ukifika, jambo la kwanza kumwambia daktari wa zamu ni kwamba unatumia vidonge vya majira, na ulianza lini.