Kibarua wa Mau Narok na Wakili wa Wafanyakazi

Msimu wa kuchimba viazi Mau Narok huanza na lori la alfajiri na nyapara mwenye daftari. Wapo wanaoitwa vibarua ingawa wamefanya kazi katika shamba lilelile miaka mitano, na jioni moja huambiwa tu wasirudi kesho. Wengi huenda nyumbani kimya, wakiamini kuwa kibarua hana pa kulalamikia.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinambadilisha: anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi ya siku 28. Ndiyo maana swali la kwanza la wakili wa masuala ya kazi huwa: ulikuwa ukilipwa vipi?

Jibu lina uzito. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa Pwani waliolipwa kwa kipande, yaani kulingana na kiasi cha kazi. Ilisema kifungu cha 37 ni cha vibarua na hakiwahusu wa kipande, na wafanyakazi hao wakashindwa. Kwa hivyo anayelipwa kwa gunia na anayelipwa kwa siku hawana kesi moja, hata wawe wameinama kwenye mtaro mmoja.

Swali la pili ni la ushahidi. Jumbe za M-Pesa, taarifa ya michango ya NSSF, picha ya ukurasa wa daftari la nyapara, majina ya waliofanya kazi pamoja: hivi ndivyo wakili hujengea kesi. Mwajiri ndiye anayepaswa kuweka kumbukumbu za ajira, lakini mfanyakazi huanza kwa kuonyesha kwamba aliajiriwa na kwamba alifutwa. Akishinda, fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12, na mara nyingi mahakama hutoa chini ya hapo.

Wakili huyo amesomea shahada ya sheria, akapitia Chuo cha Sheria cha Kenya, akafanya mazoezi chini ya wakili mzoefu, kisha akaapishwa na Jaji Mkuu. Leseni yake ni ya mwaka mmoja mmoja, na Chama cha Mawakili nchini kinaweza kuthibitisha kama anayo. Tahadhari: makubaliano ya kumlipa wakili pale tu kesi itakaposhinda hayatambuliwi na sheria.

Wakili si lazima. Katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi pia Nakuru, mfanyakazi anaweza kujisimamia au kusimamiwa na afisa wa chama chake. KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, kina makao makuu Nakuru.

Malalamiko kwa afisa wa leba hupelekwa ndani ya miezi mitatu, na kesi mahakamani ndani ya miaka mitatu. Siku hizo huhesabiwa tangu mtu alipofutwa, hata kama mwajiri bado anaahidi kwamba watazungumza.