Ngoma Isiyo na Ngoma: Edonga ya Waturkana katika Somo la Fasihi Simulizi

1. Utangulizi

Neno ‘ngoma’ katika Kiswahili lina maana mbili zinazoshikana: ala inayopigwa na uchezaji unaoandamana nayo. Tumezoea kuzichukua pamoja, kana kwamba pasipo ala hapana mchezo. Makala haya yanaichunguza edonga, ngoma ya Waturkana wa kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambayo kijadi huchezwa bila ala hiyo. Hoja yetu ni kwamba edonga inatulazimu kuuliza upya fanani ni nani na hadhira ni nani, hasa sasa inapochezwa pia jukwaani.

2. Edonga Uwanjani

Katika edonga, mapigo hutoka mwilini: makofi, sauti na vishindo vya miguu ardhini. Wachezaji hufanya duara. Vijana wa kiume huruka wima na mabinti huingia kuwakabili. Mmoja huanzisha wimbo, wengine hupokea kiitikio.

Aghalabu wimbo humsifu maksai ambaye mwimbaji anampenda kuliko ng’ombe wake wote: rangi yake, kengele iliyo shingoni, na pembe zilizopindwa kwa makusudi tangu angali ndama. Mwimbaji huinua mikono kuziiga pembe hizo. Mwanamume huweza hata kuitwa kwa jina litokanalo na maksai wake. Apaloreng, kwa mfano, ni ‘baba wa mwekundu’.

Mulokozi (1989) anaitazama fasihi simulizi kama tukio linalofungamanisha fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Edonga inaunga mkono mtazamo huo, lakini pia inaupanua. Anayeitikia sasa ndiye atakayeanzisha wimbo unaofuata, wa maksai wake mwenyewe. Hapana mtazamaji mtupu. Fanani na hadhira hupokezana nafasi.

3. Edonga Jukwaani

Baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, mji wa Lodwar ulipata tamasha la utamaduni liitwalo Tobong’u Lore, yaani ‘rudi nyumbani’. Hapo Waturkana hukutana na ndugu zao wa jamii ya Ateker, wakiwamo Wakaramojong wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia. Faida yake si ndogo: jamii ambazo zimewahi kuporana mifugo zinasikilizana nyimbo.

Hata hivyo, jukwaa lina masharti yake. Huwagawa watu kuwa wachezaji na watazamaji, na hupima muda. Zamu ya kila mmoja kumwimbia maksai wake haiwezi kukamilika katika dakika chache.

Tatizo la pili li nje ya jukwaa. Lokichar, mji ulio kusini mwa Lodwar, umejulikana kwa mafuta yaliyogunduliwa katika bonde lake mwaka 2012. Ukame wa miaka 2020 hadi 2022 nao uliua mifugo mingi kaskazini mwa Kenya. Kijana asiye na maksai ataimba nini? Ataweza kuruka kwa ustadi ule ule, lakini wimbo utakuwa umepoteza mlengwa wake.

4. Mfano wa Kulinganisha

Katika kijiji cha Abbots Bromley, Uingereza, kila mwezi Septemba wanaume sita hucheza wakiwa wamebeba pembe za kulungu wa nchi za baridi. Vipimo vya kaboni vimekadiria kwamba pembe hizo ni za karne ya 11 hivi. Huhifadhiwa kanisani, na siku ya ngoma wachezaji huzunguka mashambani na mitaani tangu asubuhi hadi jioni. Wageni huja kutazama, lakini ni ngoma inayowafuata watu mahali wanapoishi. Tunajifunza kwamba tamasha la kila mwaka si lazima liwe jukwaa.

5. Hitimisho

Edonga imeonyesha kwamba ngoma yaweza kuwapo bila ala, na hadhira bila viti. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani asirekodi maneno ya wimbo pekee. Aandike pia maksai anayesifiwa ni wa rangi gani na pembe zake zikoje, kama angali hai, na nani walioitikia. Pasipo hayo tutahifadhi matini na kulipoteza tukio. Tunawaalika wasomaji wanaotoka katika jamii nyingine za wafugaji watueleze hali ilivyo kwao.