Baiskeli na Tiba ya Njiani

Somo hili tunalianza kwa kukiri aibu yetu wenyewe. Mmoja wetu katika waandishi wa kijitabu hiki alinunua baiskeli mpya. Kijana wa dukani akaiunganisha mbele ya macho yake kwa muda usiozidi robo saa, naye mwenzetu akaipanda kurejea nyumbani akiwa na furaha ya mtu mwenye chombo chake. Alipofika mahali ambapo barabara inapinda mbele ya soko, aligeuza usukani kushoto. Usukani ukageuka, lakini gurudumu halikugeuka. Akasonga mbele moja kwa moja, kama mtu aliyekusudia hivyo, hata akaingia katikati ya mafungu ya nyanya. Mama mwenye nyanya hakumfokea. Alimtazama, akamuuliza kwa utulivu, watu wote wakisikia, kama baiskeli ile ameiazima.

Sababu ilikuwa bolti moja, ile iliyo juu ya shingo ya usukani, ambayo haikukazwa. Leo tunakicheka kisa hicho, na mwenyewe hukisimulia vizuri kuliko sisi. Lakini lau kama siku ile upande wa pili wa ile kona lingekuwapo lori badala ya nyanya, asingekuwapo wa kusimulia.

Kila mwendesha baiskeli ana kisa cha namna hii. Kuna aliyenaswa pindo la kanzu katika mnyororo akiwa njiani kwenda msikitini, akabaki amesimama kwa mguu mmoja hadi mpita njia alipomnasua. Kuna ambaye pedeli ilimtoka akipanda mlima, na mwingine ambaye kiti kiliinuka ncha yake ghafla mbele ya wakwe. Watu hucheka, naye huinuka upesi, hujipangusa vumbi, husema hakuumia hata kama goti linavuja damu. Kwa kuwa shauku yake kubwa ni kuondoka machoni pa watu, hukifunga kilichokatika kwa chochote kilicho karibu: waya, kamba, kipande cha kitambaa. Kisha huondoka. Kesho yake baiskeli bado inakwenda, na keshokutwa pia, na ule waya unasahauliwa.

Hapo ndipo hatari inapozaliwa, nasi tungependa tueleweke vyema. Hatusemi kwamba tiba ya njiani ni kosa. Mtu aliyeharibikiwa porini, kilomita kumi kutoka kwa fundi aliye karibu, hana budi kutumia akili yake, na ubunifu wa waendesha baiskeli wa nchi hii ni jambo la kusifiwa. Tunachosema ni kwamba tiba ya njiani ina kazi moja tu, nayo ni kukufikisha. Ziko sehemu za baiskeli zinazoivumilia tiba hiyo kwa siku kadhaa, na ziko sehemu ambazo haziivumilii hata mita mia moja.

Tuanze na pancha, maana ndiyo inayowapata wengi. Asiye na kiraka wala pampu anaweza kuitoa tyubu na kulijaza tairi nyasi, akazishindilia mpaka likae imara, kisha akaenda polepole. Ni njia ya zamani, nayo inafaa. Gurudumu litakuwa zito na litadunda, lakini ringi haitapondeka. Mwenye pampu lakini asiye na kiraka anaweza kuifunga tyubu fundo mahali penye tundu, akaijaza upepo kiasi. Tairi lililochanika huwekewa kwa ndani kipande cha tairi kuukuu, ili tyubu isitokeze nje. Kulishona kwa waya hatukushauri, kwa kuwa ncha ya waya, hata ikikunjwa kwa uangalifu gani, siku moja huielekea tyubu.

Kiraka chenyewe kina kanuni zake, na mtu anayezijua hatalipia pancha moja mara tatu. Mahali penye tundu husuguliwa kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uondoke. Hupanguswa, hupakwa gundi nyembamba, kisha husubiriwa. Kusubiri huku ndiko wengi wasikokuweza. Gundi inapaswa kukauka kiasi cha kutong'aa tena kama maji, na kwa kawaida hilo huchukua dakika chache. Anayebandika kiraka juu ya gundi mbichi atakiona kikiteleza, na pancha yake itarudi kabla hajafika mbali.

Kabla ya kubandika, soma tundu liko wapi, kwa kuwa mahali pake panaeleza sababu. Tundu likiwa upande wa nje wa tyubu, unaogusa tairi, kilichotoboa ni mwiba, msumari au kigae, na huenda bado kimo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Kitanasa penye ncha, nawe utaviokoa vidole vyako. Likiwa upande wa ndani, unaogusa ringi, usiulaumu mwiba. Huko kuna vichwa vya spoki, zile njiti za gurudumu, na ukanda wa mpira unaopaswa kuvifunika umechakaa au haupo kabisa. Na yakiwa matundu mawili madogo yaliyo jirani, tyubu ilibanwa kati ya ringi na jiwe au ukingo wa shimo, kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Katika hali hizi mbili za mwisho, fundi anayeziba tundu bila kuiondoa sababu anakutayarishia safari ya pili kwake. Huenda hakusudii ubaya, ila umuulize. Kiasi cha upepo kinachotakiwa kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Bonyezo la dole gumba si kipimo cha kutegemewa.

Sasa tufike kwenye breki, na hapa lugha yetu inabadilika.

Tumeziona baiskeli ambazo raba zake za breki zimekatwa kutoka kwenye kandambili. Tumeona nyingine ambazo breki ni kisigino cha mwendeshaji mwenyewe, anachokikandamiza juu ya tairi la nyuma. Na tumeona, si mara moja, baiskeli isiyo na breki hata moja ikiteremka mlima huku imebeba magunia mawili ya mkaa, mwenyewe akipiga kengele. Kengele inaomba njia, haisimamishi gurudumu. Mpira wa kandambili ni laini na umejaa vitundu vya hewa. Huliwa upesi, na ringi inapolowa huteleza badala ya kushika. Hata raba halisi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake juu ya ringi ya chuma iliyolowa mvua, ndiyo maana mwendeshaji mzoefu hubana breki mapema na kidogo kidogo ili ringi ipanguswe kwanza. Ikiwa raba halisi inapata shida hiyo, msomaji atajua mwenyewe hali ya kandambili. Breki ikikatika njiani, tiba yake ni kushuka na kuikokota baiskeli mteremko wote, ingawa watu watacheka. Raba za breki ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika baiskeli.

Vivyo hivyo foki, yaani uma ulioshika gurudumu la mbele. Fremu iliyopasuka mahali pengine huweza kuchomelewa na fundi stadi ikadumu, japo yafaa kuitazama mara kwa mara, kwa maana ufa mpya hupenda kuanza kandokando ya mchomeleo. Foki iliyopasuka au kupinda tunasema ibadilishwe. Ikikatika mwendoni haitoi onyo. Mwendeshaji hutangulia uso, na hana nafasi ya kuinua mikono. Tunatia katika kundi hilo pia msumari unaochomekwa mahali pa pini ya mkono wa pedeli. Pini halisi ina ubapa upande mmoja unaoubana mkono usizunguke ovyo. Msumari ni mviringo, hivyo mkono huchezacheza, hula chuma, na siku moja huachia uzito wako wote ukiwa juu yake.

Kuhusu pedeli, hili linawaaibisha hata mafundi chipukizi. Pedeli ya kushoto hukazwa kinyume na desturi, kwa kuzungushwa kuelekea kushoto, na kwa kawaida pedeli huwa na herufi L kwa ya kushoto na R kwa ya kulia. Ukiona mtu anailazimisha pedeli kwa spana ndefu huku ikikataa, mzuie. Anaharibu meno ya mkono mzima, nawe utanunua pedeli na mkono pamoja. Mnyororo nao, ule wa baiskeli isiyo na gia nyingi, una kibanio cha kuunganishia, na upande wake uliofumba sharti utangulie kule unakokwenda mnyororo. Ukiwekwa kinyume, waweza kufyatuka. Mafuta yake yawe kidogo, yafutwe kwa nje. Mafuta machafu ya injini hukusanya mchanga, na mchanga ukichanganyika na mafuta husaga chuma kama msasa. Tena yasidondokee kwenye ringi, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza juu ya breki.

Liko jambo ambalo halichekeshi hata kidogo, nalo ni mguu wa mtoto. Mtoto anayepakiwa nyuma, juu ya keria, huning'iniza miguu, na gurudumu liko pale pale. Kisigino kikiingia kati ya spoki, gurudumu hukibana na kukichubua kwa nguvu yote ya mwendo. Jeraha huonekana dogo mwanzoni, mkwaruzo tu, na wazazi huliosha wakaridhika. Lakini ngozi iliyopondwa huweza kufa baada ya siku kadhaa, na mfupa huweza kuwa umevunjika pasipo dalili kubwa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kabla ya kumpakia, weka mahali pa kukanyagia miguu, na uzibe pande za gurudumu la nyuma kwa kinga. Hapa ubunifu wa nyumbani tunaupokea kwa mikono miwili: wavu mgumu uliofungwa imara, mbali na spoki, ni bora mara nyingi kuliko kumwambia mtoto apanue miguu, maana mtoto husinzia.

Tuseme neno juu ya fundi. Mzee aliyeketi chini ya mwembe na kopo lake la gololi mara nyingi anaijua baiskeli kuliko duka kubwa, nasi hatuna nia ya kumpunguzia heshima. Heshima hiyo hailetwi chini kwa mteja kuuliza bei kabla kazi haijaanza, kuomba aonyeshwe kipuri kipya kabla hakijafungwa, na kuomba arudishiwe kile cha zamani. Gurudumu likifunguliwa, hesabu gololi. Kwa kawaida ekseli ya nyuma huwa na 9 kila upande, na ya mbele 10 ndogo zaidi. Zikirudishwa pungufu, gurudumu litazunguka vizuri kwa wiki moja au mbili, kisha litaanza kuyumba, na hakuna atakayekumbuka sababu.

Usiondoke hapo, wala dukani, kabla ya kufanya majaribio haya, hata kama nyuma yako kuna foleni. Simama mbele ya baiskeli, libane gurudumu la mbele kwa magoti, ujaribu kuzungusha usukani kwa nguvu za kawaida. Usikubali kuachana na gurudumu. Bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele. Gurudumu lisizunguke, na mkono wa breki usifike kugusa usukani. Rudia kwa breki ya nyuma. Shika kila gurudumu ulitikise kwa ubavu, lisicheze. Kanyaga pedeli zote mbili kwa uzito wako huku umeshika breki. Kazi yote hii haimalizi dakika mbili, na lau mwenzetu angalifanya lile la kwanza peke yake, nyanya zingalikuwa salama.

Ikiwa umeuziwa baiskeli au kipuri ukaambiwa ni kipya, kisha ukagundua kimetumika, au kimebandikwa jina la kiwanda kisichokitengeneza, hilo si bahati mbaya ya sokoni. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Rudi kwanza kwa muuzaji, ukiwa na risiti na kipuri chenyewe. Kama ulinunua kwa fundi asiye na risiti, mwombe tangu mwanzo akuandikie kwenye karatasi tarehe, kazi iliyofanyika na fedha alizopokea, kisha atie sahihi. Wengi hawakatai wakiombwa kwa adabu. Kipuri kilichovunjika usikitupe wala usikiachie gereji, hata kama kinachafua mfuko. Kifunge kwenye gazeti pamoja na karatasi yako, kwa kuwa malalamiko yakifika mbele, ndicho kitakachotazamwa kwanza.