Okidi Iliyoacha Kuchanua

Maua ya okidi ya nyumbani yakipukutika, wengi hudhani mmea umekufa, wakautupa. Hasara ya bure! Tazama kwanza: majani yakiwa mabichi na mizizi imara, mmea u hai, unapumzika tu. Kikonyo cha maua kikiwa kibichi, kikate kwa kisu safi juu kidogo ya kifundo cha pili kutoka chini. Kikikauka, kiondoe chote.

Jambo linalosahauliwa ni baridi ya usiku. Okidi aina ya Phalaenopsis huhitaji majuma kadhaa ya usiku wa digrii 15 hadi 18 za sentigredi ndipo itoe kikonyo kipya. Nyumba za Limuru hupata baridi hiyo mwezi wa Julai. Mkaaji wa Mombasa ana kazi zaidi. Weka mmea dirishani, jua kali lisiuchome, wala usitie maji mpaka maganda ya mti yaliyomo chunguni yakaribie kukauka.