Msafiri wa Kyela Mjini

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipasuka penye ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, likaua watu 11. Nairobi, asubuhi ile ile, walikufa zaidi ya 200. Baada ya siku chache msafiri mmoja wa Kyela alishuka Dar es Salaam katika treni itokayo Mbeya.

Kwao mtu akifa majembe huwekwa chini, kijiji kizima huenda kilioni. Huku maduka yalikuwa wazi. Akasema moyoni, kama wageni wahukumuvyo upesi, "Wana mioyo migumu!"

Jioni mwenyeji wake akampeleka nyumba ya wafiwa. Mikeka imetandikwa, Wazaramo na Wachaga, Waislamu na Wakristo, wameketi kimya. Akavua viatu, akaketi nao. Hakuna aliyemwuliza atokako.